Mama anataka kukatisha mionzi ili asitumalizie hela. Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mama lishe, naishi Mbagala Rangi Tatu, vyumba viwili, watoto wawili. Mama yangu ana miaka 61, tumemleta kutoka Masasi. Ocean Road wamesema ni saratani ya shingo ya kizazi, hatua ya tatu. Ameshapigwa mionzi mara 9 kati ya 25. Hatujamwambia kuwa ni kansa, tunasema ni uvimbe. Daladala hataki, kwa hiyo kila siku bajaji shilingi 20,000 kwenda na kurudi. Biashara yangu imelala, nimekopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, laki tatu. Kaka yangu ni mwalimu Dodoma, anatuma akijisikia. Mdogo wetu wa mwisho anataka tuuze shamba la mama la mikorosho. Sasa mama mwenyewe anasema turudi nyumbani, anatumalizia hela bure. Juzi nilimfokea, nikaingia bafuni nikalia. Je, tuuze shamba? Na nimwambie nini ili abaki? Binti wa Mbagala.

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole sana. Barua yako nimeirudia mara mbili, na kabla hatujafika kwenye shamba nataka tuanze na bajaji.

Umeandika "daladala hataki" kana kwamba ni ukaidi wa uzee. Nimekuwa afisa ustawi wa jamii kwa miaka mingi nikikaa na wagonjwa wa saratani, na akina mama wenye ugonjwa huu nawajua. Mara nyingi anayekataa daladala anakataa kubanana na watu huku uchafu ukimtoka, ukiwa na harufu anayoisikia yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Au anavuja damu, na anaogopa kuinuka kwenye kiti watu wakaona. Maneno hayo hawezi kuyasema mbele ya wajukuu, kwenye vyumba viwili, kwa binti aliyemzaa mwenyewe. Anasema tu daladala sitaki.

Mkiwa wawili peke yenu, labda unapomwandalia maji ya kuoga, muulize taratibu: "Mama, uchafu bado unakutoka? Unakusumbua ukikaa na watu?" Akikubali, mwambie nesi siku hiyo hiyo. Harufu ile inatokana na bakteria wanaoingia kwenye kidonda, na ina dawa ya bei ndogo, metronidazoli, ambayo wengi wanaijua kama Flagyl. Daktari ndiye atakayesema itumike vipi na kwa siku ngapi, usiende kuinunua dukani kwa kukisia. Damu nayo kwa kawaida hupungua kadiri mionzi inavyoendelea. Mtafutie pedi za watu wazima, na khanga ya akiba kwenye kikapu kila mnapotoka.

Nimeanzia hapa kwa sababu ya hesabu. Siku 9 kwa shilingi 20,000 ni 180,000. Zimebaki siku 16, ambazo kwa bei hiyo ni 320,000. Yaani ule mkopo wako wa kausha damu hautoshi hata nauli ya siku zilizobaki, na bado hatujagusa dawa, chakula, wala sahani za wali ambazo hukuuza. Miaka yote hii kazini nimeona familia nyingi zikifilisika kwa nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea, wakati wote wakidhani kinachowamaliza ni bili ya hospitali. Mnakumbuka mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge kule Loliondo kwenye kikombe cha Babu, ile dawa ya mitishamba? Kikombe kilikuwa shilingi 500. Watu waliuza ng'ombe kulipia gari la kuwafikisha, na wapo walioacha dawa zao za hospitali njiani.

Kwa hiyo mama akishapata nafuu ya hiyo harufu, jaribuni basi mpaka Kivukoni, halafu bajaji kwa kile kipande cha kupita Feri na Ikulu mpaka Ocean Road. Sisemi umpandishe gari la alfajiri la kugombania dirishani. Omba pale mapokezi kama anaweza kupangiwa muda wa katikati ya asubuhi, magari yakiwa yamepungua watu. Siku za mwisho za mionzi ya nyonga huleta uchovu na kuharisha, na siku hizo bajaji ni haki yake. Hela mtakayookoa wiki ya basi itasaidia wiki ya bajaji baadaye. Na kuharisha kukianza kasemeni kwa nesi, msinyamaze. Nako kuna dawa, na mgonjwa aliyeishiwa maji mwilini anaweza kusimamishiwa mionzi.

Sasa hilo la "uvimbe". Mwanangu, mama yako anajua.

Hapa mjini mtu akisema fulani kapelekwa Ocean Road, anashusha sauti. Jengo lile la Wajerumani pale ufukweni limekuwa Taasisi ya Saratani tangu mwaka 1996, na hata konda akitaja jina lake, abiria wanajua. Mama yako ameshakaa kwenye benchi lile asubuhi 9. Amekaa na wanawake wa Tanga, wa Kigoma, wa Songea. Wanaulizana, "Wewe wako uko wapi?" Unadhani hapo wanazungumzia uvimbe? Anajua, ila ameona nyinyi hamtaki ajue, naye anawasitiri. Kila mmoja anamlinda mwenzake, na matokeo yake mama anabeba jina la ugonjwa peke yake usiku, na wewe unabeba hesabu peke yako usiku, ukuta mmoja katikati.

Kosa hili mimi mwenyewe nimelifanya. Nikiwa bado mgeni kazini, familia moja iliniomba nisimwambie baba yao, mvuvi, kwamba ana saratani ya koo. Nikakubali, nikaona ndio utu. Yule mzee alikuwa na mashua kwa ubia na mwenzake, na deni ambalo yeye tu ndiye alilijua. Alifariki akiamini kila siku kwamba kesho ataruhusiwa. Watoto wake walirudi kwangu baadaye, si kwa kulalamika, kuniuliza tu kama baba aliwahi kuniambia mashua ilikuwa ya nani. Tangu siku hiyo sijamficha tena mgonjwa anayetaka kujua.

Humwambii kwa hotuba. Mwulize kwanza: "Mama, wewe mwenyewe huu ugonjwa unauonaje? Wenzako pale wanasema nini?" Kisha nyamaza. Kunyamaza kutakuwa kugumu kuliko swali lenyewe. Akisema "si ndio hii kansa", mjibu "ndiyo mama, tuliogopa kukwambia, utusamehe." Akisema hataki kujua, heshimu hilo, ila umemfungulia mlango na anajua uko wazi. Akiuliza kama atakufa, usiape kwamba hatakufa. Mwambie alichosema daktari, na kama hujui alichosema daktari, mwendeeni wote wawili mkamuulize.

Na kuna jambo moja nataka mkaliulize kwa makusudi: je, matibabu haya ni ya kuponya au ya kutuliza? Kwa saratani ya shingo ya kizazi, hatua ya tatu bado inatibiwa kwa nia ya kuponya. Ratiba ya mara 25 inanionyesha madaktari wanakusudia hivyo, kwani mionzi ya kutuliza maumivu au damu huwa ya siku chache tu. Baada ya hizo 25 kwa kawaida hufuata mionzi ya ndani, na mara nyingi dripu ya kemo, yaani dawa ya saratani ya kupitia mshipa, mara moja kwa wiki wakati mionzi ya nje ikiendelea. Yote inatakiwa imalizike ndani ya wiki 8 hivi. Ukikatisha njiani, seli zilizobaki zinapata nafasi ya kuzaliana upya. Wala mama akienda Masasi akarudi baada ya miezi mitatu hawezi kuanziwa moja kwa urahisi, maana kibofu na utumbo vilivyo jirani vina kiasi chao cha mionzi vinachoweza kustahimili. Kwa hiyo anaposema anawamalizia hela bure, neno linalotakiwa kujibiwa ni lile "bure". Pengine hakuna aliyemwambia kwamba lengo ni kupona. Ataambiwaje, na nyinyi mmesema ni uvimbe?

Sasa chukua daftari. Hili ndilo hasa ninalotaka ulifanye kuliko yote niliyoandika humu. Andika kila kilichoingia na kilichotoka tangu mama afike, deni la kausha damu likiwemo, kisha mfungulie mama daftari hilo. Najua utasema nitamtia presha. Mama yako alilima korosho, akauza, akasomesha mwalimu. Hesabu za msimu anazijua kuliko wewe. Mtu huyo sasa anakaa mkekani, haruhusiwi kugusa kitu, anasikia mkinong'ona habari za hela mlangoni, na kwa sababu haoni namba anafikiri ni mamilioni. Akiona zimebaki siku 16, na namba iko pale, inakuwa safari yenye mwisho. Nimewaona wazee wakiishika kalamu wenyewe. "Hiyo bajaji ya Alhamisi acha, Alhamisi nitapanda basi." "Mpigie mjomba wako, ana deni langu la gunia mbili." Akishapanga bajeti pamoja nawe, hawezi tena kujiona mzigo unaobebwa.

Habari ya shamba iko humo humo kwenye daftari. Shamba ni lake, yuko hai na ana akili zake timamu. Si wewe wala mdogo wako wa kuamua. Mwambie wazo limetolewa, msikilize. Ushauri wangu, kama ataniuliza: asiuze mikorosho kwa ajili ya nauli ya wiki tatu. Mkorosho unazaa miaka mingi, na atakapopona anahitaji mahali pa kurudi. Watu wa kwenu wanakodisha mikorosho kwa msimu, kwa maandishi na mashahidi. Mnunuzi wa kangomba atakayekuja na fedha taslimu akitaka kununua korosho zikingali maua, kwa bei ya kutupa, mkataeni. Anajua mna mgonjwa, ndiyo maana amekuja.

Jumatatu, kabla ya foleni ya mionzi, nenda ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitalini. Umeandika barua ndefu na hukuitaja hata mara moja, na hilo linanisikitisha kwa sababu ofisi hiyo ipo kwa ajili yenu. Sera ya Afya ya 2007 inawataja wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo kuwa wanastahili matibabu bila malipo. Mama ana 61. Lakini msamaha haumfuati mtu benchini, unaombwa. Chukua barua ya mwenyekiti wa serikali yako ya mtaa, omba na ya mtendaji wa kijiji cha mama hata kwa picha ya simu kwanza, chukua namba ya faili, barua ya rufaa na kitambulisho chochote chenye umri wake. Kama jina lake liko TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, sema. Afisa atakuhoji kuhusu kipato, mjibu ukweli na umwonyeshe lile daftari. Anaweza kufuta gharama zote, sehemu, au akaruhusu mlipe kidogo kidogo. Watu wanakuja kwetu deni likishafika shingoni, wakati wangekuja siku ya kwanza tungekuwa tumezuia mengi. Usione haya. Unaomba kilichowekwa kwa ajili ya mtu kama mama yako.

Kaka wa Dodoma usimpigie tena kumwambia "tuma hela". Mwalimu wa serikali ni mwanachama wa NHIF, yaani bima ya afya ya taifa, kupitia mshahara wake, na mwanachama wa namna hiyo anaandikisha mwenza na wategemezi, mzazi akiwa miongoni mwa wanaoruhusiwa, ilimradi nafasi hazijajaa. Muulize: "Kaka, kwenye kadi yako mama yumo?" Kama hayumo na nafasi ipo, aende kwa ofisa utumishi wake wiki hii, na aulize vilevile huduma zipi za saratani zinalipiwa. Fomu moja ya kaka yako inaweza kuzidi laki anazotuma akijisikia. Ndugu wengine hawatumi kwa sababu hawajui wanatumia nini. Mpe kazi yenye jina.

Vivyo hivyo kwa wengine. Sisi wa Dar tunajua kuchangishana. Kwa harusi tuna kamati, mwenyekiti, mweka hazina, kadi za ahadi na simu za kukumbushana mpaka usiku. Msibani turubai linafungwa kabla hujamaliza kulia. Katikati, mtu akiwa anaumwa na bado anaweza kupona, tunasema "pole, Mungu atamfanyia wepesi" na tunaondoka. Ukoo wenu unaosema hauna kitu ungekodi gari mpaka Masasi kama mama angefariki. Wambieni hivyo, kwa upole lakini kwa maneno hayo hayo: tunaomba sasa kile ambacho mngetoa wakati huo. Na usiombe "mchango". Andika kwenye kundi la WhatsApp la familia: zimebaki siku 16, kila siku nauli ni kiasi hiki, nani anachukua siku ipi? Mtu anayeona haya kutuma elfu kumi kwa ugonjwa mkubwa hivi ataichukua Jumanne. Hela zishikwe na mtu mwingine, si wewe, na kila Jumapili apige picha ukurasa wa daftari awatumie wote.

Kausha damu usiongeze hata shilingi. Nenda kamwone aliyekukopesha kabla hajakufuata, umwombe akupe tarehe. Kama uko kwenye kikoba, vikoba vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa, na wenzako pengine hawajui kwamba mama yako anaumwa maana ulisema ni uvimbe.

Wewe nawe. Ulimfokea mama. Ulikuwa umeamka alfajiri, umepika, umekosa wateja, umekaa foleni, na mtu uliyekuwa unamhangaikia akakwambia anataka kuondoka. Mwombe radhi kwa sentensi moja, msilifanye kuwa kikao. Halafu tafuta mtu wa kumsindikiza mama siku mbili kwa wiki, binamu, jirani, mtu wa jumuiya kanisani au msikitini, ili siku hizo usimame kwenye jiko lako. Biashara yako ndiyo inayowalisha wote mlioko hapo, kuilinda ni sehemu ya matibabu ya mama. Na ukiwa umefika miaka 30, ukiwa na nafasi pita kituo cha afya upime shingo ya kizazi. Kipimo cha siki kinachukua dakika chache. Binti yako akiwa kati ya miaka 9 na 14, chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hii, ipo nchini tangu 2018.

Bado linabaki swali ambalo hukuniuliza waziwazi. Je, kama mama, akiisha kujua ugonjwa wake, lengo la matibabu na kila namba ya kwenye daftari, bado akasema nimechoka, nipelekeni nyumbani? Kwanza mchunguze kama ni maumivu yanayosema. Mgonjwa asiyelala usiku anachagua kuondoka kwa sababu hawezi kufikiria siku nyingine kama ile. Omba muonwe na watu wa tiba shufaa. Wengi wanaogopa jina hilo wakidhani ni la wanaokufa tu, lakini kazi yao ni maumivu na mateso ya ugonjwa katika hatua yoyote. Morfini ya maji wanayoitoa, ikitumika kwa maumivu kama walivyoelekeza, haimgeuzi mama kuwa teja. Itamfunga choo, kwa hiyo ombeni na dawa ya hilo. Mwacheni alale siku tatu bila maumivu, kisha muulizeni tena.

Akisema neno lile lile, basi ni lake, na kazi yako itakuwa kuhakikisha hapandi basi la Masasi bila barua ya daktari, dawa za maumivu na jina la hospitali ya huko itakayoendelea kumhudumia. Lakini kwa nilivyosoma barua yako, mama hajafika huko. Alisema "nawamalizieni hela". Hajasema amechoka kuishi.

Mwisho, mstari mmoja uliouandika pembeni ya karatasi, kwamba jirani amewaambia watoto wasilale na bibi kwa sababu ya mionzi, na kwamba mmemtengea kikombe. Saratani haiambukizi kwa kikombe, sahani wala kitanda. Mionzi ya mashine inaishia pale mashine inapozimwa, mama harudi nayo nyumbani. Kikombe kirudisheni kabatini pamoja na vingine, na leo usiku wajukuu walale na bibi yao.